Namna ya kufuatilia utumishi wa askari wa anga wa Vita vya Pili na kuzisoma nishani zake

Maswali ni yale yale. "Nimepata nishani tano za rubani wa Kiingereza, nitajuaje alikuwa nani?" "Babu wa mume wangu alikuwa kwenye ndege za mabomu, tumebaki na picha moja tu." "Daftari lake la safari ninalo, lakini limejaa vifupisho." Wanaouliza ni wanafunzi wa historia, ni Waswahili walioingia kwenye familia za Uingereza kwa ndoa, ni watu walionunua sanduku la vitu vya kale Nairobi au Mombasa wakakuta ndani yake shaba na vipande vya utepe. Badala ya kumjibu kila mmoja nusu nusu, nimeiandika njia nzima hapa.

Ninaongelea RAF, jeshi la anga la Uingereza, kuanzia Septemba 1939 hadi Agosti 1945. Kama unayemtafuta ni babu aliyekuwa King's African Rifles, baadhi ya nishani ni hizi hizi. Waliokwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944 walistahili Burma Star sawasawa na Mwingereza. Ila kumbukumbu za jeshi la nchi kavu zinatafutwa kwa njia nyingine, na hatua za hapa chini hazitakufikisha.

Shika jambo moja kabla ya mengine: anza na mtu, namba yake na vikosi vyake. Nishani zije mwisho. Watu wengi huanza na nishani kwa sababu ndicho kitu walicho nacho mkononi, na hapo ndipo wanapopotea, kwa kuwa nishani nyingi za vita hiyo zilizotolewa Uingereza hazina jina la mtu.

Nitatumia mfano mmoja mara kwa mara: Roald Dahl, yule mwandishi wa vitabu vya watoto. Nimemchagua kwa sababu utumishi wake ulianzia kwetu. Mwaka 1939 alikuwa mfanyakazi wa Shell pale Dar es Salaam. Novemba mwaka huo akaendesha gari mpaka Nairobi, akajiandikisha RAF, akajifunzia urubani huko huko Kenya kwa ndege ndogo ya Tiger Moth.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Majina yake kamili, pamoja na lile la katikati. Waingereza wa kizazi hicho waliitana kwa majina ya utani, na "Bill" wa familia anaweza kuwa William, au jina lisilohusiana kabisa.

Tarehe ya kuzaliwa, au angalau mwaka.

Namba ya utumishi. Itafute kwenye jalada la daftari la safari, kwenye vibati vya shingoni, kwenye barua za wakati wa vita, nyuma ya picha za kikosi, na kwenye sanduku dogo la karatasi ngumu ambalo nishani zilitumwa nalo kwa posta.

Nakala ya cheti cha kifo, kama hakufia vitani.

Picha za kila kitu ulicho nacho. Kwa nishani, piga mbele, nyuma na ukingo.

Jedwali lenye safu nne: tarehe, kikosi au kituo, cheo, na mahali ulipoipata habari hiyo. Safu ya nne usiiache wazi hata mara moja. Baada ya wiki tatu utakuwa na tarehe mbili zinazopingana, na kama hukuandika kila moja imetoka wapi, kazi utaianza upya.

Hatua kwa hatua

1. Piga picha, usisafishe.

Usiguse Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, wala dawa ya meno. Ukisugua nyota ya shaba ing'ae, unaondoa alama ambazo anayejua nishani huzitazama kwanza, na utepe wa zamani ukilowa rangi huchuja. Usizitenganishe pia. Nishani zilizoshonwa pamoja kwenye pini moja ni ushahidi kwamba zilikuwa za mtu mmoja, na zikishatawanywa ushahidi huo haurudi.

Geuza kila nyota utazame mgongo wake. Mgongo mtupu ndio kawaida kwa zile za Uingereza. Ukikuta namba na jina vimechongwa, huenda mwenyewe alikuwa wa majeshi ya Afrika Kusini au Australia, kwa sababu nchi hizo ziliandika majina. Inawezekana pia familia ilimlipa sonara aandike baadaye, kwa hiyo uyachukue majina hayo kama dalili tu mpaka rekodi iyathibitishe.

2. Tafuta namba, na ujue kwamba anaweza kuwa na mbili.

Hili linawakwamisha wengi kuliko yote. Mtu aliyeingia RAF kama askari wa kawaida alipewa namba, na siku alipofanywa ofisa alipewa nyingine mpya. Dahl aliingia na namba 774022 akiwa na cheo cha chini kabisa. Tarehe 24 Agosti 1940 akawa ofisa, na kuanzia hapo namba ile haimfuati tena. Ukitafuta kwa namba moja tu utaona nusu ya maisha yake, kisha utadhani karatasi zimepotea.

Kama huna namba yoyote, Nyaraka za Taifa za Uingereza zilizoko Kew, London, zina faharasa ya majina na namba za askari wa RAF inayoitwa AIR 78. Haina maelezo mengi, lakini namba inatosha kukufungulia mlango unaofuata.

3. Kama alifia vitani, anzia kwenye kaburi.

Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ina orodha inayotafutika bure mtandaoni, na kwa kawaida inakupa namba, cheo, skwadroni (kikosi chake cha ndege), tarehe ya kifo na mahali alipozikwa au anapokumbukwa. Kwa waliokuwa kwenye ndege za mabomu hatua hii ni ya lazima: kati ya watu wapatao 125,000 walioruka na Bomber Command, kamandi ya ndege za mabomu ya RAF, 55,573 waliuawa.

Wasio na kaburi linalojulikana majina yao yameandikwa kwenye kumbusho. Waliopotea wakitokea Uingereza na kaskazini mwa Ulaya wako Runnymede, karibu na mto Thames, zaidi ya 20,000. Waliopotea Misri, Libya, Ugiriki, Ethiopia, Afrika Mashariki au Madagaska watafute kwenye kumbusho la Alamein nchini Misri. Usishangae basi kukuta aliyepotea akitumikia kwenye pwani yetu ameandikwa jangwani.

4. Omba rekodi yake ya utumishi.

Hii ndiyo karatasi muhimu kuliko zote. Maombi hufanywa kupitia tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk, sehemu ya kumbukumbu za utumishi wa kijeshi. Tangu 2022 Wizara ya Ulinzi imekuwa ikihamishia mamilioni ya mafaili Kew, kwa awamu, kwa hiyo anza na gov.uk uone faili la mtu wako linaombwa wapi kwa sasa, na usome masharti ya ada siku hiyo hiyo unayoomba.

Jaza fomu kwa majina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba zote mbili kama unazo. Ambatanisha cheti cha kifo. Kama haijatimia miaka 25 tangu afariki na wewe si ndugu wa karibu, utapewa sehemu tu ya taarifa isipokuwa ndugu huyo aridhie kwa maandishi. Mkwe, muombe mwenzako ndiye aweke sahihi. Utapata mengi zaidi.

Kisha subiri. Inaweza kuchukua miezi. Endelea na hatua nyingine wakati unangoja.

5. Isome rekodi kwa kufuata vituo.

Rekodi ikifika utaona mistari mifupi: kifupisho cha kituo, tarehe, sababu ya kuhama. Usijaribu kuelewa yote kwa mara moja. Chukua safu ya vituo peke yake, uihamishie kwenye jedwali lako, mstari kwa mstari.

Vifupisho utakavyokutana navyo zaidi: ITW ni mafunzo ya mwanzo darasani. EFTS ni shule ya urubani ya awali, SFTS ni ile inayofuata. OTU ni kituo ambako watu walifundishwa ndege na kazi watakayoifanya vitani, na kwa watu wa ndege za mabomu ndipo wenzi wa ndege moja walipokutana na kuchaguana. HCU ni mafunzo ya ndege kubwa za injini nne. "Sqn" ni skwadroni, na hapo ndipo vita yenyewe inapoanza. RAFVR si kikosi, ni jeshi la akiba la kujitolea. Karibu kila aliyeingia baada ya vita kuanza aliwekwa humo.

Vyeo: AC2, AC1 na LAC ni askari wa chini. Cpl ni koplo, Sgt ni sajini, F/Sgt ni ngazi moja juu yake, WO ni ofisa mteule. Kwa maofisa, P/O analingana na luteni usu, F/O ni luteni, F/Lt ni kapteni, S/Ldr ni meja, W/Cdr ni luteni kanali. Dahl alianza AC2, akaondoka jeshini mwaka 1946 akiwa S/Ldr.

Angalia sana majina ya mahali. "Eastleigh" kwenye rekodi inaweza kuwa Eastleigh ya kusini mwa Uingereza, karibu na Southampton, au kituo cha RAF cha Eastleigh, Nairobi, ambacho leo ni Moi Air Base. Tazama kituo kilichotangulia na kinachofuata, utajua ni ipi. "Kipevu" ni Mombasa, walikokaa na ndege za Catalina zinazotua majini. Skwadroni ya 259 ilikuwa huko kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1943. Nakuru na Nanyuki nako palikuwa na vituo vya mafunzo ya vita. Nimeona watu wakiyaruka majina haya kwa kudhani yamekosewa tahajia, na hayakukosewa.

6. Fungua daftari la safari, kama lipo.

Kila aliyeruka alikuwa na daftari lake. La rubani ni Form 414, na la wengine, yaani mwelekezi, mwendesha redio au mpiga bunduki, ni Form 1767. Mafundi wa ardhini hawakuwa nalo, kwa hiyo usilitafute.

Mstari wa kawaida wa mpiga bunduki wa Lancaster, ndege ya mabomu ya injini nne, mwaka 1943 unakwenda hivi: tarehe, saa ya kuondoka, aina na namba ya ndege, jina la rubani, kazi yake mwenyewe, halafu "Ops" (safari ya vita) na jina la mji, na mwisho muda wa safari kwa saa na dakika. "R/G" maana yake alikaa mkiani. DCO ni kazi imetimizwa, DNCO haikutimizwa. Safari za usiku mara nyingi ziliandikwa kwa wino mwekundu, na ukifungua ukurasa uliojaa wekundu unajua uko katikati ya zamu yake ya vita. Zamu ya kwanza ya Bomber Command kwa kawaida ilikuwa safari 30. Mwisho wa kila mwezi kuna jumla na sahihi ya mkubwa wake. Jumla hizo zihesabu upya mwenyewe, utagundua kurasa zilizopotea.

Kama aliuawa, mstari wa mwisho huenda umeandikwa na mtu mwingine. Mwandiko unabadilika ghafla, na mahali pa muda wa safari panaandikwa kwamba hawakurudi. Ukifika hapo pumzika kidogo kabla ya kuendelea, hasa kama ni mtu wa familia.

Onyo: usichanganye namba ya ndege na herufi za ubavuni. Lancaster aliyoruka nayo Guy Gibson kwenda kuvunja mabwawa ya Ujerumani usiku wa 16 kuamkia 17 Mei 1943 ilikuwa na namba ED932 na herufi AJ-G. AJ ni skwadroni, ya 617. G ni ndege ndani ya skwadroni. Ndege ikianguka, herufi zilipewa ndege nyingine. Namba haikurudiwa. Kwenye jedwali lako andika namba.

7. Soma kitabu cha skwadroni.

Kila skwadroni iliweka kitabu cha kazi za kila siku, na vitabu hivyo viko Kew katika kundi la AIR 27. Vingi vimepigwa picha na unaweza kuvipakua ukiwa popote ulipo. Vya vituo viko AIR 28.

Kuna fomu mbili. Form 540 inasimulia siku kwa ufupi: hali ya hewa, nani kahamia, nani kapandishwa cheo. Form 541 inaorodhesha kila safari: ndege, majina ya waliokuwemo, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, na maelezo. Anza na 541. Ukishajua tarehe zake, rudi 540 usome siku zenyewe.

Jitayarishe kukuta mapengo. Dahl alifika Ugiriki Aprili 1941 na skwadroni ya 80, akirusha ndege ya kivita ya Hurricane. Tarehe 20 Aprili alikuwa kwenye pigano la angani juu ya Athens, ambamo aliuawa Pat Pattle wa Afrika Kusini, mkuu wa skwadroni ya 33 na mmoja wa marubani wakubwa kabisa wa vita hiyo. Mpaka leo haijulikani kwa uhakika Pattle aliangusha ndege ngapi, kwa sababu kumbukumbu za kikosi chake zilipotea wakati Waingereza wanakimbia Ugiriki. Wengine wanasema karibu 40, wengine zaidi ya 50. Ukimwona mtu anatoa idadi kamili bila kusita, muulize ameipata wapi.

Kwa marubani wa ndege za kivita ongeza AIR 50, ambamo mna ripoti walizoandika wenyewe baada ya pigano. Kwa ajali na vifo kuna mafaili ya AIR 81, ambayo yamekuwa yakifunguliwa hatua kwa hatua. Humo mara nyingi mna barua za familia.

8. Pekua London Gazette.

Ni gazeti la serikali, liko mtandaoni, linasomwa bure. Kila ofisa alitangazwa humo alipopata cheo, na kila nishani ya ushujaa ilitangazwa humo. Tafuta kwa jina la ukoo na namba ya utumishi; mashine iliyosoma kurasa hizo hukosea herufi, lakini tarakimu huzisoma vizuri zaidi.

Tarehe ya gazeti si tarehe ya tendo. Norman Jackson wa skwadroni ya 106 alitoka nje ya Lancaster iliyokuwa ikiruka, akatambaa juu ya bawa na kifaa cha kuzimia moto, usiku wa 26 kuamkia 27 Aprili 1944. Akaanguka, akatekwa. Victoria Cross yake, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, ilitangazwa tarehe 26 Oktoba 1945, miezi 18 baadaye, wenzake walipokwisha kurudi kutoka kifungoni na kueleza walichokiona. Kwa hiyo ukipata tarehe ya gazeti, rudi nyuma wiki, miezi, hata mwaka, ndipo utafute tendo lenyewe.

DFC na DFM (nishani za ushujaa, tazama hatua ya 9) nyingi zilitolewa kwa zamu nzima ya safari na gazeti halisemi zaidi ya jina. Mapendekezo yaliyoandikwa na wakubwa wao yako Kew, kundi la AIR 2, na mara nyingi yanataja idadi ya safari na saa alizoruka.

9. Sasa zitazame nishani.

Zigawe mafungu mawili: za ushujaa, ambazo mtu alichaguliwa, na za kampeni, ambazo alistahili kwa kuwepo mahali fulani wakati fulani.

Katika za ushujaa, DFC ni msalaba wa fedha uliotolewa kwa maofisa na maofisa wateule, na DFM ni nishani ya fedha yenye umbo la yai ya waliokuwa chini yao, kwa ushujaa ule ule mbele ya adui. Mgawanyo huo wa vyeo uliondolewa mwaka 1993. Kwa mtafutaji tofauti ni kubwa: DFM ina namba, cheo na jina kwenye ukingo, wakati DFC ya vita hiyo haina jina, ina mwaka tu nyuma kwenye mkono wa chini. Utepe wa zote mbili una mistari ya mshazari ya zambarau na nyeupe, ila ya DFM ni myembamba. AFC na AFM ni za ujasiri wa kuruka bila kupambana na adui.

Za kampeni ndizo utakazokutana nazo zaidi. Nyota zina ncha sita na umbo moja zote. Kinachozitofautisha ni jina lililozunguka katikati na rangi ya utepe.

1939–1945 Star ina mistari mitatu: buluu iliyokolea ya wanamaji, nyekundu ya nchi kavu, buluu ya mbingu ya anga. Aliyeruka alitakiwa kuwa kwenye kikosi cha mapigano miezi miwili. Kama kifo au jeraha la vita ndilo lililokatisha muda huo, alihesabiwa kuwa ameutimiza.

Air Crew Europe Star ni ya walioruka kutoka Uingereza kwenda juu ya Ulaya kabla ya 6 Juni 1944. Kuanzia siku hiyo kuna France and Germany Star. Hakuna aliyeruhusiwa kuvaa zote mbili. Aliyestahili zote alivaa ya kwanza na kibati kidogo juu ya utepe kwa ajili ya pili. Ukikuta zote mbili kwenye kundi moja, mtu mwingine ameliunga.

Africa Star ina utepe wa rangi ya mchanga. Kwa Afrika Kaskazini, siku moja katika eneo la mapigano kati ya 10 Juni 1940 na 12 Mei 1943 ilitosha. Kibati cha "North Africa 1942–43" ni cha RAF na wanamaji, kuanzia 23 Oktoba 1942.

War Medal ni ya duara, nyeupe, ina simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Siku 28 za utumishi zilitosha, kwa hiyo karibu kila mtu anayo. Ukiona jani dogo la mwaloni la shaba limebandikwa kwenye utepe wake, simama hapo: alitajwa katika ripoti za vita, na jina lake limo London Gazette. Defence Medal, yenye utepe wa rangi ya moto na kijani, inadai muda mrefu zaidi wa utumishi, na ndiyo inayohitaji kuhesabu siku kwa makini.

Halafu linganisha. Weka nishani upande mmoja, jedwali la vituo upande wa pili. Kwa Dahl: alimaliza mafunzo Habbaniya, Iraq, tarehe 19 Septemba 1940 alianguka na ndege ya Gladiator jangwani Misri alipokuwa akienda kujiunga na skwadroni ya 80, akavunjika fuvu, mwaka uliofuata alipigana Ugiriki, kisha akiwa Haifa dhidi ya Wafaransa wa Vichy (wa serikali iliyoshirikiana na Ujerumani) mwezi Juni, maumivu ya kichwa yakamrudisha Uingereza. Kwa masharti, vituo hivyo vinaelekeza kwenye 1939–1945 Star, Africa Star na War Medal. Kibati cha 1942–43 hakimhusu, maana alishaondoka. Kibati cha "Battle of Britain" hakimhusu pia: kilikuwa cha walioruka kutoka Uingereza kati ya 10 Julai na 31 Oktoba 1940, naye alikuwa Mashariki ya Kati. Defence Medal usiitamke mpaka umehesabu siku kwenye rekodi rasmi. Mfanyie mtu wako vivyo hivyo, nishani moja moja.

Makosa yanayorudiwa sana

Kuamini kila alichosema mjomba. Familia inakumbuka "Spitfire" kwa sababu ndiyo ndege maarufu. Rekodi ikisema alikuwa fundi wa Wellington, ndege ya mabomu, fuata rekodi, na umheshimu fundi.

Kununua nishani "zinazokosekana" ili kujaza kundi. Ukinunua, andika wazi kwamba ni mbadala, na usizichanganye na zake.

Kudhani kwamba kukosa nishani ni kukosa utumishi. Baada ya vita nishani za kampeni hazikumfuata kila mtu nyumbani. Ilibidi aziombe, na wengi hawakuomba. Warithi bado wanaweza kuziomba Medal Office ya Wizara ya Ulinzi. Arctic Star na kibati cha Bomber Command vilianzishwa mwaka 2013, kwa hiyo kundi lililotumwa baada tu ya vita haliwezi kuwa navyo, na familia ina haki ya kuviomba sasa.

Kuvaa upande usio wake. Mwenye nishani huvaa kifua cha kushoto. Mrithi huvaa kulia.

Ukikwama

Namba inaanza na herufi. R au J ni Mkanada, NZ ni mtu wa New Zealand, A mara nyingi ni Mwaustralia. Wengi waliruka ndani ya skwadroni za RAF huku wakiwa ni wa majeshi yao. Kitabu cha skwadroni utakipata Kew, lakini rekodi yake iombe nchini kwake. Australia imeweka nyingi mtandaoni bure.

Alikuwa fundi na kitabu cha skwadroni hakimtaji. Ndivyo ilivyo, Form 541 ni ya walioruka. Tumia tarehe za rekodi yake kujua alikuwa kikosi gani, kisha soma Form 540 ya miezi hiyo ujue ndege alizozihudumia zilikuwa zinafanya nini.

Majina yanayofanana ni mengi. Usiendelee mpaka namba na tarehe ya kuzaliwa vikubaliane. Jina na skwadroni peke yake havitoshi.

Rekodi na daftari vinapingana kwa siku chache. Mara nyingi karani aliandika siku amri ilipotolewa, na mwenye daftari akaandika siku aliyoruka. Weka zote mbili.

Nishani hazina jina, hakuna sanduku, hakuna karatasi, na muuzaji hakumbuki alikozitoa. Hapo mtu mwenyewe hapatikani. Zichunguze tu kama ni halisi na kama zinaweza kuwa za mtu mmoja, andika tarehe na mahali ulipozipata, na zikae pamoja. Aliyekuuzia akipata karatasi yoyote yenye tarakimu tano, sita au saba, rudi hatua ya 2.